Nafasi ya Mstari Mmoja

Wakubwa wakitoka madarakani hupenda kusema wanaondoka na moyo mweupe. Mama Taipu alikuwa amewachapia salamu za kuaga wakuu wa majeshi watatu, na wote watatu walikuwa na mioyo myeupe. Hakuna hata mmoja aliyejaliwa moyo wa kijivu. Kwa hiyo Jumatatu ile, Mkuu wa nne aliposimama dirishani, mikono nyuma, tumbo mbele, akaanza kutamka salamu zake ili ziandikwe, Mama Taipu alijua neno hilo linakuja hata kabla halijatoka mdomoni.

"Andika, Mama. Nawaaga nikiwa na moyo mweupe."

"Mweupe," Mama Taipu aliitikia, na vidole vikapita.

Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa karani wa kiraia aliyeingia ofisi ile akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, enzi za mashine za taipu zenye utepe mweusi, na jina likamganda hata baada ya mashine kufunikwa kitambaa kule kwenye kona na kompyuta kuwekwa mezani. Sifa yake ilikuwa moja: hakosei. Makapteni walikuja na kuondoka, wengine wakapanda vyeo mpaka wakaanza kumsalimia kwa kidevu, yeye akabaki pale pale, kati ya mlango wa Mkuu na kabati la chuma, akichapa. Mkuu huyu wa nne alimwamini kiasi kwamba kwa miaka sita hakuwahi kusoma alichotia saini. Alivuta karatasi, akatia herufi zake mbili kwa wino wa kijani pale chini, akaisukuma, akavuta nyingine. Mtu angeweza kumchapia kwamba amemuuza mke wake, naye angetia saini na kuuliza chai iko wapi.

Lakini salamu za kuaga za Mkuu si barua ya hivi hivi. Nakala zake hufungwa katika bahasha za lakiri nyekundu na kupelekwa kambi zote kumi na nne, na siku ya makabidhiano, saa mbili kamili asubuhi, husomwa kwenye gwaride kote kwa wakati mmoja. Ukurasa wenye wino wa kijani husomwa kama ulivyo, neno kwa neno. Kama kuna kosa, kosa nalo linasomwa. Aliwahi kutokea meja mmoja aliyeruka aya nzima kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na askari wanalowa, na meja huyo alimalizia utumishi wake akihesabu mablanketi stoo.

Na ukurasa wa mwisho ni wa wafu. Wote waliokufa chini ya Mkuu anayeondoka husomwa siku hiyo, tarehe, namba na jina. Kila mkuu huondoka na wafu wake. Anayeingia huanza na karatasi safi na hasomi wafu wa mwenzake. Ambaye hakusomwa siku hiyo, basi hatasomwa milele. Hana kaburi kwenye makaburi ya jeshi, hana msiba unaotambuliwa, na mke wake hajulikani ni mjane au nini.

Na Mama Taipu alikuwa ameshaletewa orodha asubuhi hiyo, akaipitia mara mbili. Mwanawe wa pekee alikuwa amekufa mwaka juzi, na kwenye orodha hakuwemo.

Walikuwa kumi na tisa. Walivushwa ng'ambo ya mto, kwenye nchi ya watu, mahali ambapo jeshi lilikuwa limeapa mchana kweupe kwamba halina hata askari mmoja. Amri ya kuwavusha ilichapwa na Mama Taipu mwenyewe. Ilikuwa na namba tupu bila majina, na nani anakariri namba ya mwanawe? Alichapa, akapeleka, ikapigwa wino wa kijani, akaenda kula chakula cha mchana. Siku nne baadaye ujumbe wa redio uliingia: hakuna aliyerudi. Siku ya saba ukaingia wa pili: miili imeonekana majini, imehesabiwa, kumi na tisa. Wakati huo tayari alikuwa ameshaitazama ile namba ya kumi na nne kwenye amri, akaijua ni ya mwanawe, akaenda chooni, akajifungia, akauma kitambaa.

Halafu akarudi kuchapa. Hilo ndilo jambo ambalo hakuwahi kulisamehe, na mimi pia sijui kama linasameheka. Mkuu aliagiza barua kumi na tisa kwa familia kumi na tisa: mpendwa wenu yuko kazini nje ya kituo, mawasiliano yatakapowezekana mtajulishwa. Mama Taipu alichapa zote, na ya kumi na nne aliiandikia anwani ya nyumba yake. Ilipofika, mkamwana wake aliifungua, akamsomea kwa sauti akiwa amesimama mlangoni. Mama Taipu akaisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikia mambo mapya. Alikuwa amekula kiapo cha siri, na jela ya wavunja kiapo alikuwa anaijua, kwa sababu barua za kuwapeleka watu huko alizichapa yeye. Lakini tusiwe wanafiki. Kiapo kilimfunga mdomo wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo alinyamaza kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu wawili wanaocheka, na hakuwa na nguvu ya kuwa yeye wa kuwanyamazisha.

Watu hao wawili walikuwa mkamwana wake na mjukuu wake wa miaka minne. Mkamwana alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa na nguo za shule za watoto wa watu. Baba yake mzazi alikuwa amekuja mara mbili kumchukua. "Mwanangu si mke, si mjane," mzee yule alisema, bila ugomvi, akiwa ameshika kofia yake magotini. "Nyinyi niambieni tu ni kitu gani, nitaelewa." Mkamwana alimrudisha baba yake stendi, akarudi, akakaa kwenye cherehani.

Jumatatu hiyo jioni, Mama Taipu aliporudi, mkamwana alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mama, Ijumaa wanasoma."

"Wanasoma, ndiyo."

"Wewe na Mkuu ni mlango mmoja. Kama jina lake limo, niambie mapema nijiandae. Sitaki kusikia mbele za watu."

"Orodha hainifikii mpaka siku ya mwisho, mwanangu."

"Nimechoka, Mama." Alisema hivyo kwa upole kabisa, akiutazama uzi kwenye sindano. "Mimi sikatai kulia. Nikiambiwa lia, nitalia. Nikiambiwa ngoja, nitangoja hata miaka kumi. Lakini haya ya katikati, haya yananimaliza."

Mtoto alikuwa chini ya meza akivalisha chupa vipande vya kitambaa. "Baba yuko kazini nje ya kituo," alisema, hakumwambia yeyote. Alikuwa ameyashika maneno hayo kama watoto wengine wanavyoshika nyimbo. Bibi yake aliyatambua maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumanne alipiga moyo konde, akabisha mlango wa Mkuu bila kuitwa. Kwa miaka sita hakuwahi kufanya hivyo. Mkuu alikuwa anafungasha vitu vyake kwenye maboksi: ngao, saa za ukutani, picha zake na watu wenye suti.

"Mkuu, ile orodha ya ukurasa wa mwisho. Nimeletewa majina arobaini na moja."

"Kumbe ni wengi hivyo."

"Kuna wa malaria, kuna wa lori lililopinduka, kuna aliyepigwa na radi. Wale wa mtoni hawamo."

Mkuu aliweka picha ndani ya boksi, akaitoa, akaiweka upya. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha watoto. Alijua majina ya wafagiaji, alituma maua watu walipolazwa, na mwaka juzi alikuwa amemwita Mama Taipu ndani, akafunga mlango, akamwambia "pole" kwa sauti ya chini, na kisha akampa barua kumi na tisa za kuchapa.

"Mama, wale hawajafa," alisema. "Wale hawajarudi. Nikisema wamekufa, nitaulizwa wamekufa wapi. Nikisema wapi, nitaulizwa nani aliwapeleka."

"Anayekuja hatawasoma."

"Hatawasoma, hapana."

"Kwa hiyo watakuwa hawajarudi mpaka lini?"

Mkuu alimtazama, na kwa mara ya kwanza Mama Taipu aliona kwamba mtu yule alikuwa amezeeka shingo. "Kanimalizie salamu zangu, Mama," alisema. "Tafadhali."

Alitoka. Akakaa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo wazo lilipomwingia, wala halikuja kwa kishindo. Mkuu hasomi anachotia saini. Wino wa kijani ukishapita, kambi kumi na nne zitasoma kilichoandikwa, na hakuna meja atakayethubutu kuruka hata nukta. Arobaini na moja na kumi na tisa ni sitini. Kapteni msaidizi wa Mkuu hupitia kurasa za mwanzo kutafuta vyeo vilivyokosewa, lakini ukurasa wa wafu hakuna anayeupitia. Wafu hawalalamiki kwamba wamekosewa cheo.

Jumatano asubuhi akaanza. Arobaini na moja walikwenda vizuri. Alipofika kwenye tarehe ile ya mwaka juzi, aliichapa, akaitazama, kisha akashusha mstari na kuanza kuwaingiza kwa mpangilio wa namba kama utaratibu unavyotaka. Majina yote alikuwa nayo kichwani. Mtu aliyechapa bahasha kumi na tisa za uongo hasahau anwani. Akamweka dereva wa kikosi, yule ambaye mkewe na Mama Taipu nyumba zao zinatenganishwa na ukuta mmoja. Akawaweka mapacha wawili waliosajiliwa siku moja. Akaweka mpishi. Wa kwanza, wa tano, wa kumi, wa kumi na tatu.

Wa kumi na nne akaanza namba. Akachapa tarakimu mbili, akafuta. Akachapa tatu, akafuta. Akajiambia huu ni uchovu tu, atamrudia mwishoni. Akaacha nafasi ya mstari mmoja, akaendelea na wa kumi na tano mpaka wa kumi na tisa. Kisha akarudi juu, kwenye ile nafasi nyeupe katikati ya majina meusi.

Jina lile alikuwa amelichapa mara nyingi maishani. Alilichapa kwenye barua ya kumwombea shule. Alilichapa kwenye fomu ya kujiunga na jeshi, fomu ambayo kijana hakuitaka, alitaka kutengeneza redio mjini, na mama ndiye aliyemwambia jeshini pia kuna redio, tena za bure. Aliijua kila herufi iko kwenye kidole gani. Sasa vidole vilikuwa juu ya vitufe na havishuki. Hakuwa analia wala hakuwa anatetemeka. Ni kwamba alijua, kwa akili timamu kabisa, kuwa akishalichapa jina lile chini ya tarehe ile, mwanawe atakuwa amekufa, na atakuwa ameuawa na mkono usiokosea. Ya mtoni yalikuwa maneno ya redio. Haya yatakuwa maandishi.

Mlango ukafunguliwa. Kapteni msaidizi, kijana nadhifu anayenukia sabuni, aliingiza kichwa.

"Mama, Mkuu anangoja kurasa. Bahasha zinafungwa saa sita."

"Dakika moja."

"Umemaliza?"

Dakika moja ilikuwa inatosha. Jina la mtu ni sekunde nne kwa mikono ile. Mama Taipu aliutazama ule mstari mtupu, kidole chake kidogo kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufutia, kikagusa mara moja. Majina ya chini yakapanda juu. Wa kumi na tano akakaa chini ya wa kumi na tatu, na usingejua kwamba palikuwa na mtu katikati yao.

"Nimemaliza," alisema.

Mkuu alitia saini akiwa amesimama, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimefungwa kamba kikisubiri gari. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kijani, kijani, kijani. Kapteni alikuwa akipepea kila karatasi ili ikauke. Kwenye ukurasa wa mwisho kalamu ilishuka, kisha ikasimama hewani.

Alikuwa ameiona tarehe. Inawezekana macho ya mtu hayasomi chochote kwa miaka sita, lakini tarehe ile yaliitambua. Mkuu aliweka ncha ya kalamu pembeni mwa majina, akashuka nayo polepole, midomo ikicheza. Kapteni aliendelea kupepea karatasi iliyotangulia asijue chochote. Mama Taipu aliifuata ncha ile kwa macho. Akaona jela, akaona cherehani, akaona chupa zilizovalishwa nguo.

"Kapteni, kaniangalizie gari," Mkuu alisema.

Walipobaki wawili, hakuinua uso. "Wako wangapi humu, Mama?"

"Hamsini na tisa, Mkuu."

"Nilidhani sitini."

Nje mtu alikuwa anaburuta boksi kwenye sakafu ya korido.

"Kama kuna kosa," Mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, "lirekebishwe sasa. Mimi nitangoja. Bahasha zikifungwa, zimefungwa."

Mama Taipu alielewa alichokuwa anapewa. Mtu yule, aliyemwambia jana kwamba hawajafa, alikuwa tayari kubeba wote kumi na tisa, na yeye mama alikuwa ameleta kumi na wanane. Alichotakiwa kusema kilikuwa neno moja.

"Hakuna kosa, Mkuu."

Mkuu aliuvuta ukurasa karibu. Kisha akatia herufi zake mbili chini ya ukurasa, kwa utaratibu, kama mtu anayejifunza kuandika, akausukuma mezani.

Ijumaa uwanja wa gwaride wa makao makuu ulikuwa umefagiwa mpaka vumbi likaisha. Askari walisimama kwa mistari, buti zikimetameta, na familia zikawekwa nyuma ya kamba, upande wa jua. Mkamwana alikuja na mtandio mweusi ameukunja mkononi, hajauvaa kichwani. Alisema atauvaa ikibidi. Mtoto alikuwa mgongoni. Mama Taipu alisimama ubavuni mwao, ingawa makarani walikuwa wamewekewa viti kivulini.

Alikuwa amepanga kumwambia asubuhi ile. Alikuwa amepanga pia kumwambia Jumatano usiku, na Alhamisi kutwa. Kila mara maneno yalimfika kooni yakageuka kuwa kitu kingine: chumvi imekwisha, mtoto ana kikohozi.

Saa mbili kamili Mkuu alianza kusoma, na vipaza sauti vikayatupa maneno yake ukutani na kuyarudisha. Alisoma nidhamu, alisoma mshikamano, alisoma shukrani kwa mke wake mvumilivu. Pale penye moyo mweupe hakupasoma. Aliparuka tu, akaingia sentensi inayofuata, na katika uwanja mzima ni mtu mmoja aliyejua, kwa sababu ndiye aliyechapa. Kambi nyingine kumi na tatu ziliusoma moyo mweupe kama ulivyo.

Kisha wafu. Malaria, lori, radi. Watu walisikiliza kwa adabu ya kawaida, huku na huku mwanamke akijifuta macho, maana hizo zilikuwa habari za zamani, watu walishazikwa. Halafu Mkuu akasoma tarehe.

Jina la kwanza lilipotoka, hakuna aliyepiga kelele. Ilisikika sauti ndogo tu kutoka nyuma ya kamba, kama ya mtu aliyekanyagwa. La pili. La tatu lilikuwa la dereva wa kikosi, na mke wa dereva, aliyesimama hatua mbili kutoka kwao, alikaa chini taratibu hapo hapo kwenye changarawe, akanyoosha miguu, akatulia. Kwenye mistari, askari walikuwa wanatazamana kwa pembe za macho. Afisa mmoja aligeuka nusu kumtazama mwenzake. Mkuu alisoma bila kuinua kichwa.

Mkamwana alikuwa anahesabu kwa vidole. Wake wa wale kumi na tisa walikuwa wanajuana wote. Walikuwa wamelinganisha zile barua, nukta kwa nukta, na namba za waume zao walikuwa nazo kichwani kama sala. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mkamwana aliukunjua mtandio. Aliushika kwa mikono yote miwili tayari kuujitandia, akafumba macho.

Mkuu alisoma wa kumi na tano.

Mkamwana alifumbua macho. Akasikiliza wa kumi na sita, wa kumi na saba, wa kumi na nane, wa kumi na tisa. "Hamsini na tisa," Mkuu alisema. "Wapumzike." Akakunja karatasi.

Mama Taipu hakuwa amelifikiria hili. Miaka thelathini na zaidi ya kutokosea, na hili hakuliona. Alikuwa amedhani kuacha jina ni kuacha mambo yalivyo, katikati pale pale, kama jana na juzi. Hakujua kwamba ukiwataja kumi na wanane kati ya kumi na tisa waliokwenda pamoja, umeshamsemea na yule mmoja.

"Mama," mkamwana alisema. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. "Mama, hayumo. Wametajwa wote na yeye hayumo. Yuko hai." Akamshika mama mkwe wake shingoni, mtoto akiyumba mgongoni, akacheka na kulia kwa pamoja huku akijaribu kujizuia kwa ajili ya wengine. "Nilijua. Mimi nilijua."

Gari la Mkuu lilipita polepole mbele ya kamba, bendera imeshatolewa. Mkuu aliwaona. Aliona mikono ya mkamwana, aliona sura ya karani wake juu ya bega lile, na kwa hakika alielewa, maana alishtuka kidogo pale kwenye kiti. Kisha akatazama mbele, na gari likatoka getini.

Mke wa dereva alikuwa ameinuka. Alikuja akiwa na changarawe kwenye nguo, hajafunika kichwa, akachukua mikono ya mkamwana.

"Mungu akutunzie wako," alisema, na hakukuwa na kijicho chochote ndani ya sauti ile. "Akirudi, usimwache apumzike sana. Mwambie aje kwangu. Nataka anieleze mume wangu alisema nini mwishoni."

"Atakuja," mkamwana alisema. "Siku hiyo hiyo nitamleta."

"Na kwangu pia," mwanamke mwingine alisema nyuma yao. Na mwingine, mama wa mapacha, mzee kabisa, alimgusa tu mtoto mguu pale mgongoni, akashikilia kwa muda. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja, wajane wa nusu saa, kumgusa mke wa yule aliyebaki.

Nyumbani mkamwana hakukaa hata kwenye cherehani. Alivuta sanduku kutoka uvunguni, akatoa mashati ya mume wake yaliyonuka dawa ya nondo, akajaza maji kwenye beseni uani. Alifua kwa nguvu, povu mpaka kwenye viwiko. "Atakuta nimenenepa," alisema. "Na huyu atakuta amekuwa msemaji. Mama, hivi unafikiri atamtambua? Nitamwambia baba yangu asije tena kunichukua, nitamwandikia leo leo." Mtoto alikuwa anamwambia kuku wa jirani kwamba baba anakuja.

Mama Taipu alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Hakukuwa na mashine mbele yake sasa, wala bahasha, wala Kapteni wa kumharakisha. Kesho yake wale wanawake wangeanza kubisha hodi kuulizia habari, na keshokutwa tena, na mwaka kesho. Alifikiria mikono ya mke wa dereva. Akafungua mdomo, na safari hii hakuna chumvi wala kikohozi kilichotoka.

"Mwanangu," alisema, "njoo ukae hapa."

"Naja, Mama. Nimalizie hili moja."

Mkamwana alikung'uta shati la mwisho mara mbili, maji yakaruka juani. Akalishika mabega, akaliinua kwenye kamba, akalinyoosha kola kwa vidole. Vibanio vilikuwa mdomoni mwake. Alikuwa anaimba kupitia humo. Mama Taipu akamwacha amalize kuanika.